Mshauri wa Kodi Aliyeingia Karakanani: Tathmini ya Huduma ya Kudai Gharama za Utafiti wa Kiwandani

Kiwanda chetu kipo Baba Dogo, Ruaraka, jijini Nairobi, na kinatengeneza kreti za plastiki za kubebea nyanya, mikate na maziwa ya pakiti. Kwa miaka miwili tumekuwa tukijaribu kupunguza plastiki mpya katika kreti hizo na kuongeza plastiki iliyorejelezwa. Mwaka wa hesabu uliopita tuliajiri kampuni ndogo ya washauri wa kodi, yenye ofisi Upper Hill, itusaidie kudai gharama za majaribio hayo katika marejesho yetu ya kodi ya mapato, yaani taarifa ya mapato tunayowasilisha kila mwaka, na ninachoandika hapa ni tathmini ya kazi waliyotufanyia. Majina nimeyaacha makusudi, kwa kuwa nina sifa na nina lawama, na mwenye kiwanda atakayesoma atanufaika zaidi akijua maswali ya kumuuliza mshauri yeyote.

Kabla yao tulitembelewa na mshauri mwingine, na inafaa nieleze yaliyotokea kwa sababu nimesikia wenzangu kadhaa wa Industrial Area wakisimulia ahadi kama ile. Alituambia kwamba serikali ingeturudishia sehemu ya kila shilingi tuliyotumia katika utafiti, na kwamba yeye angechukua robo ya kitakachopatikana. Alichokuwa akikieleza kipo, lakini hakipo Kenya. Marekani ina nafuu ya utafiti inayopunguza kodi yenyewe. Ilianza mwaka 1981, ikafanywa ya kudumu mwaka 2015, na hudaiwa kwa fomu namba 6765. Afrika Kusini ina utaratibu wa kifungu cha 11D, ambapo gharama za utafiti ulioidhinishwa mapema hukatwa kwenye mapato kwa asilimia 150. Sheria yetu haina la kwanza wala la pili, na mtu anayekuja na jedwali la hesabu lililotengenezewa nchi nyingine anaweza kukuingiza katika madai ambayo utayajibia wewe, si yeye.

Tulipokwenda Upper Hill, jambo la kwanza tuliloelezwa lilikuwa tofauti hiyo, na tulielezwa kabla ya kutajiwa bei. Sheria ya Kodi ya Mapato, Sura ya 470, katika kifungu cha 15, inaruhusu gharama za utafiti wa kisayansi unaohusiana na biashara zikatwe kwenye mapato kabla ya kodi kukokotolewa, ziwe gharama za kawaida au za mtaji, yaani za kununua vitu vinavyodumu kama mashine. Inaruhusu pia malipo kwa chuo kikuu au taasisi ya utafiti iliyoidhinishwa na Kamishna, ikiwa utafiti wenyewe unahusu aina ya biashara ya mlipaji. Kwa kampuni inayolipa kodi ya asilimia 30, shilingi 100 zilizokatwa kwenye mapato huokoa shilingi 30 za kodi. Hakuna hundi inayotoka serikalini, na kampuni isiyo na faida mwaka huo haioni chochote mkononi.

Baada ya hapo mshauri mkuu aliomba aje kiwandani. Sikutarajia ombi hilo; mhasibu wetu alikuwa amekwisha kumpangia mafaili mezani. Alikuja asubuhi mbili, akavaa viatu vya usalama, akasimama karibu na mashine namba 3 ambako majaribio mengi yalifanyika, na akamwomba fundi wetu mkuu, mzee aliyefanya kazi ya plastiki tangu ujana wake, amweleze kila jaribio tangu la kwanza. Hakumuuliza kuhusu pesa. Alimuuliza, "Mzee, siku ile kreti zilipopasuka, mlidhani sababu ni nini, na mlijuaje kwamba mlikosea?"

Fundi alimweleza. Mwanzoni walidhani unyevu ndio uliokuwa ukiharibu kazi, kwa kuwa vipande vilivyosagwa tunavyonunua kutoka Dandora na Kariobangi hufika vikiwa vimeoshwa na havijakauka vizuri, na kreti zilitoka na viputo. Walipovikausha, viputo vikaisha, lakini kreti ziliendelea kupasuka pembeni zikiangushwa. Ndipo fundi akaanza kutenga vifuniko vya chupa na madumu, ambavyo mara nyingi hutengenezwa kwa plastiki ya aina tofauti na ile ya madumu yenyewe, na aina hizo mbili hazishikani vizuri zikiyeyushwa pamoja. Vifuniko vilipotolewa, nyufa zikapungua bila kwisha. Kilichobaki kilikuwa swali gumu zaidi: plastiki iliyokwisha kukaa juani muda usiojulikana inaweza kuchanganywa kwa kiasi gani na plastiki mpya, na kwa joto lipi, ili kreti ihimili mzigo wa nyanya kutoka Kirinyaga hadi Wakulima Market bila kuvunjika. Fundi alikuwa ameandika vipimo vya karibu kila mchanganyiko katika daftari la kawaida la mistari, kwa kalamu ya risasi, pamoja na tarehe. Mshauri alilisoma daftari lile ukurasa kwa ukurasa, na nilimwona fundi akinyooka kidogo kila karatasi ilipofunuliwa. Daftari hilo ndilo lililokuja kuwa kiini cha faili letu.

Kutokana na mazungumzo yale, mshauri alikata sehemu kubwa ya orodha yetu. Jaribio la kukausha aliliondoa, kwa hoja kwamba haja ya kukausha vipande ni jambo linalojulikana na kila mwenye mashine ya aina hiyo, ilhali sheria inataka shughuli za sayansi asilia au sayansi tumizi zinazokusudia kuongeza ujuzi wa binadamu. Kubadilisha rangi ya kreti kwa ajili ya mteja aliondoa. Kalibu mpya ya kreti ya mikate, ambayo mhasibu wetu alikuwa ameiweka kwa sababu tu iliitwa ya majaribio kwenye ankara, aliiondoa pia, kwa kuwa ilikuwa ikizalisha bidhaa za kuuza tangu wiki ya pili. Alibakiza majaribio ya mchanganyiko, mashine ya kupima nguvu ya plastiki, na malipo tuliyoilipa maabara ya nje. Haya ya maabara aliyashikilia kando kwanza hadi tupate uthibitisho wa maandishi kwamba taasisi husika imeidhinishwa.

Kisha akatuambia jambo ambalo, kwa maoni yangu, ndilo linalomtofautisha mshauri mwaminifu na mwenye tamaa. Mishahara ya mafundi na plastiki iliyoharibika katika majaribio ingekatwa kwenye mapato hata bila kuitwa utafiti, kwa kuwa ni gharama za kawaida za biashara. Kuziweka kwenye faili la utafiti kungesaidia kueleza kwa nini tulikuwa na taka nyingi mwaka ule endapo mkaguzi angeuliza, lakini kusingepunguza kodi hata senti. Faida halisi ilikuwa kwenye gharama za mtaji, nayo ni faida ya wakati. Mashine yetu ya kupimia iligharimu shilingi 2,400,000. Tungeidai kama mashine ya kawaida ya uzalishaji, tungekatiwa asilimia 50 mwaka wa kwanza, yaani shilingi 1,200,000, na kiasi kilichobaki kingekatwa kwa mafungu sawa ya asilimia 25 kwa mwaka. Ikihesabiwa kuwa ya utafiti, yote hukatwa mwaka uleule. Tofauti ya kodi kwa mwaka wa kwanza ni shilingi 360,000, ambazo tungezipata hata hivyo katika miaka minne iliyofuata. Kwa kiwanda kinachonunua malighafi kwa fedha taslimu, shilingi hizo zikipatikana mapema zina uzito wake, lakini si utajiri tulioahidiwa na yule wa kwanza.

Huduma yao iliyumba katika suala la ankara. Tangu tarehe 1 Januari 2024, gharama isiyo na ankara ya eTIMS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa mamlaka ya kodi (KRA), kwa kawaida haikubaliwi kukatwa, na wauzaji wetu wa vipande vilivyosagwa ni watu wadogo ambao wengi wao hawakuwa wamejisajili. Jambo hili lilipaswa kuulizwa siku ya kwanza. Liliulizwa wiki ya saba, wakati mhasibu alipokuwa tayari amefunga hesabu, na tukalazimika kuzunguka Kariobangi kutafuta wauzaji mmoja mmoja. Baadhi ya gharama tuliziacha kabisa.

Ucheleweshaji ni lawama yangu ya pili. Tuliahidiwa faili kamili kwa wiki 6, likafika baada ya wiki 10, siku chache kabla ya tarehe 30 Juni, ambayo ndiyo siku ya mwisho ya kuwasilisha marejesho kwa kampuni inayofunga hesabu Desemba. Mhasibu wetu alikesha. Mtu anayeuza utulivu wa moyo mbele ya KRA hapaswi kuuleta usiku wa mwisho.

Lawama ya tatu huenda wengine wakaiona ndogo, lakini kwangu si ndogo. Mafundi walihojiwa kwa Kiswahili, kwa ufasaha na kwa heshima, kisha maelezo yao yakaandikwa kwa Kiingereza peke yake, na fundi mkuu akaombwa atie sahihi. Alikataa hadi asomewe yote na kutafsiriwa, na alifanya vyema, kwa sababu katika ukurasa wa nne mpangilio wa majaribio mawili ulikuwa umegeuzwa. Mkaguzi akija ndani ya miaka 5 ambayo sheria inatutaka tuhifadhi kumbukumbu, atakayeulizwa maswali ni fundi huyo, na jibu lake likipishana na karatasi aliyoitia sahihi, faili zima litatiliwa shaka. Tuliomba nakala ya Kiswahili, wakaiandaa kwa siku tatu bila kutudai zaidi, na hilo nalihesabu upande wao.

Bei ilikuwa shilingi 180,000 pamoja na VAT ya asilimia 16, na sisi tukazuia asilimia 5 ya ada kama kodi ya zuio, ambayo mlipaji huikata na kuipeleka KRA, kama inavyotakiwa. Ni ada isiyobadilika, haifuati kiasi kinachodaiwa, na naiona haki kwa kiwanda chenye angalau kifaa kimoja kikubwa kilichonunuliwa kwa ajili ya utafiti pekee. Kiwanda ambacho majaribio yake ni mishahara na malighafi tu hakina sababu ya kulipa pesa hizo. Mhasibu wake anatosha, mradi kuna daftari lenye tarehe.

Tumewaajiri tena mwaka huu, kwa sharti lililoandikwa kwamba ankara zikaguliwe kila robo mwaka na kwamba maelezo ya mafundi yaandikwe kwa Kiswahili kwanza. Daftari jipya limefungwa kwa kamba kando ya mashine namba 3, na fundi ameomba anunuliwe kalamu ya wino.