Uzoefu wangu: kifuniko cha kukorogea siagi ya karanga ya asili

Anayekula siagi ya karanga ya asili, ile ya karanga na chumvi basi, anaijua kero yake. Ukifungua chupa, juu mafuta yametanda, chini kuna tope gumu kama saruji. Ukichomeka kijiko mafuta yanamwagika ubavuni, chupa inateleza mkononi, meza inachafuka, na chini hujafika.

Kifaa ninachokizungumzia kimetengenezwa kwa ajili hiyo. Ni kifuniko cha plastiki chenye tundu katikati. Kwenye tundu kuna mpira, na ndani ya mpira unapita ufito wa chuma cha pua uliopindwa upande wa chini, wenye mkono wa kuzungushia juu. Unatoa kifuniko cha chupa, unafunga hiki, unazungusha. Mafuta hayatoki, na ukimaliza unauvuta ufito kupitia kwenye mpira, nao unaupangusa unapotoka. Hapo kwenye kupangusa ndipo kiliponiridhisha kabisa: siagi inayorudi ndani ya chupa ni nyingi kuliko inayobaki kwenye chuma, isipokuwa pale kwenye kona ya pindo.

Ila maelekezo yake yanakuambia "zungusha mpaka ichanganyike", kana kwamba kila chupa inafunguliwa ikiwa laini. Si kweli. Karibu nusu ya uzito wa karanga ni mafuta. Karanga zikishasagwa mafuta hayo yanakuwa huru, na chembe za protini na wanga, kwa kuwa ni nzito kuliko mafuta, zinazama polepole na kukandamizana kwenye kitako. Siagi nyingi za viwandani huongezewa mafuta yaliyotiwa haidrojeni, kiasi cha asilimia 1 hadi 2 hivi, ambayo huganda na kuyashika mafuta ya karanga yasipande. Ya asili haina mshikizo huo. Chupa iliyokaa rafuni muda mrefu inakuwa ngumu zaidi chini, na iliyosagwa kwa chenga kubwa hujitenga haraka kuliko iliyosagwa laini. Ukiulazimisha ufito kuingia kwenye tope hilo, unapinda, au kifuniko kinajifungua chenyewe huku unazungusha.

Kwa hiyo kazi inaanza kabla ya kifaa. Chupa ikiwa bado haijafunguliwa, kaza kifuniko chake cha awali, ipindue kichwa chini juu ya sahani, iache usiku kucha. Mafuta yatapanda kuelekea kitakoni, yatapenya tope na kulilegeza. Hayamalizi kazi, lakini asubuhi tofauti unaiona. Kama huna muda wa kusubiri, isimamishe chupa kwenye bakuli la maji ya uvuguvugu, yale ambayo mkono unayavumilia bila shida, kwa dakika 15 au 20. Mafuta yakipata joto yanakuwa mepesi na tope linakubali. Maji yasifike usawa wa kifuniko. Maji yakiingia kwenye siagi yanaweza kuifanya ikaze na kuwa na madonge.

Kisha chukua kisu cha mezani kirefu, kisicho na makali. Kijiko kimepanuka, kinasukuma mafuta mengi yatoke. Kisu kinapita katikati yake kimya. Kichomeke hadi kitakoni, kata tope kwa mistari, halafu zungusha ncha yake kwenye kona ambapo ukuta wa chupa unakutana na kitako. Kona hiyo usiipuuze, kwa sababu ufito wa kifaa hauifikii, na chupa nyingi za kioo zina mwinuko katikati ya kitako unaoacha mfereji wa siagi kavu kuuzunguka.

Chupa ikiwa imejazwa hadi shingoni, ufito ukiingia utasukuma mafuta juu na mpira utavuja. Chota vijiko viwili au vitatu vya mafuta uviweke kikombeni kwanza. Koroga, kisha uvirudishe kidogo kidogo, vyote. Wapo wanaoyamwaga wakidhani wanapunguza mafuta mwilini, na wakifika nusu ya chupa wanabaki na kitu kinachochana mkate badala ya kupakika.

Sasa funga kifaa. Teremsha ufito hadi chini, zungusha taratibu huku ukiupandisha, kisha uushushe tena. Ukizungusha mahali pamoja unatengeneza shimo la mafuta katikati na kuta zinabaki kavu. Shikilia chupa kwa kitambaa kikavu. Inakuwa tayari pale mkono unapozunguka kwa uzito uleule kutoka chini hadi juu na huoni tena michirizi ya rangi mbili kwenye kioo. Ikishafika hapo iweke kwenye friji mara moja. Baridi inayafanya mafuta kuwa mazito, yanachelewa kupanda, na pia kuvunda kwake kunachelewa. Itakuwa ngumu kidogo kupaka, basi itoe mapema kabla ya kula.

Mashine ya mkono ya kuchanganyia unga, ikifungwa mchapo mmoja tu (kile chuma chake cha kukorogea) na kuwekwa mwendo wa chini kabisa, inakoroga haraka kuliko kifaa hiki. Lakini inarusha mafuta, inahitaji mdomo mpana, na kwenye chupa ya kioo siishauri, kwani chuma kikigonga ukuta kwa kasi kioo kinaweza kupasuka.

Usafi: pangusa ufito kwa karatasi kwanza, ndipo uoshe kwa maji ya moto na sabuni. Toa mpira kwenye tundu lake kila mara, maana nyuma yake mafuta hujificha na kuvunda, na harufu hiyo itahamia kwenye chupa inayofuata.

Kabla ya kununua, pima upana wa mdomo wa chupa unayoitumia siku zote na kina chake, kwa sababu kifuniko kimoja kina hesi ya ukubwa mmoja na ufito mfupi haufiki kitakoni. Uliza pia kama mpira unauzwa peke yake. Ndio unaochakaa kwanza, na ukilegea kifaa kizima kinaanza kuvuja. Kama hauuzwi, tafuta cha mtengenezaji mwingine.