Milingi ya mtumba kutoka Dar: mashine haina ubaya, fundi wao asirudi kwangu

Naandika nikiwa bado na hasira, mnivumilie. Kama una karakana hapa Dodoma, au Singida, au popote huku kanda ya kati, na umesikia kuna duka Dar linaleta mashine za mtumba kutoka Ulaya, linazifufua, linakufikishia mpaka mlangoni na kukufungia, soma hapa kabla hujatuma advansi. Jina la duka silitaji kwa sababu mambo yetu hayajaisha.

Mimi natengeneza vipuri vya mashine za kukamua alizeti, karakana iko Kizota. Mwenye kazi hii anajua kwamba shafti bila kiwei ni nondo tu. Ule mfereji unaokaa kipande cha chuma kati ya shafti na puli ndio unaobeba mzigo wote. Ukiuchimba kwa grainda na tupa, kingo zinatoka zimepinda, kipande kinacheza, na msimu ukichanganya, mbegu zikianza kushuka kutoka Kongwa na Mpwapwa, mteja anakurudia na shafti imeliwa. Aibu hiyo nimeibeba misimu ya kutosha. Ndiyo maana nikatafuta milingi, mashine inayochonga chuma kwa kisu kinachozunguka.

Mashine yenyewe ni Bridgeport, ya zile zilizotengenezwa Leicester, Uingereza. Ukubwa wa meza na mengineyo utayapata mwenyewe ukitafuta. Niliikagua kule Dar kwa mikono yangu na kasoro kubwa niliyoiona ni pleyi kwenye skrubu ya meza: unazungusha mpini karibu robo mzunguko ndipo meza inashtuka. Tukakubaliana wabadilishe nati za shaba. Wafunge na skrini ya vipimo, kwa sababu hii inahesabu kwa inchi, mpini ukizunguka mara moja meza inakwenda milimita 5.08, na vijana wangu wote wamefundishwa kwa milimita. Halafu mota. Kwangu umeme ni wa njia moja, na mashine ilikuwa na mota ya zamani ya njia tatu. Wakasema watafunga mota mpya ya kilowati 1.5 pamoja na inverta, siyo ile ya sola, ni ile inayopokea njia moja na kuitolea mota njia tatu, na mwendo unaupandisha au kuushusha kwa kitufe. Ulikuwa mpango mzuri, na mpaka leo nasema ulikuwa mpango mzuri.

Ikafika. Karibu tani moja ya chuma, na winchi iliishusha bila hata mkwaruzo. Dereva alikuwa mstaarabu, alisubiri mpaka tukahakikisha imekaa sawa juu ya zege ndipo akaondoka. Nalisema hili ili msidhani nina chuki na kila mtu wa pale.

Kisha akaja fundi wao wa umeme.

Huyu kijana, kwa umri wake ningeweza kumzaa, aliingia akampa mkono kijana wangu wa mazoezi, "mambo vipi, bosi", akanipita. Shikamoo sikuisikia. Nikasema labda safari imemchosha. Nimevaa ovaroli, mikono ina grisi, nimesimama kando ya mashine yangu. Alipomaliza kuunganisha inverta nikamwuliza kwa upole kabisa:

"Kaka, vile vibati vya ndani ya boksi la mota mmeshavihamisha, au viko vilevile vilivyotoka kiwandani?"

Hakunitazama. Alimgeukia kijana wangu, mtoto ambaye ndiyo kwanza anajifunza kushika tupa, akamjibu yeye: "Mota mpya hii, haina haja ya kufunguliwa."

Nikarudia swali. Akamwambia tena kijana: "Mwambie mama, hii siyo cherehani."

Kijana wangu aliinamisha macho. Mimi ndiye niliyelipa. Jina lililoko kwenye mkataba na kwenye kila risiti ni langu. Na mtu amesimama chini ya bati langu ananitumia salamu kupitia mtoto ninayemfundisha kazi, hatua moja kutoka nilipo! Nimefanya kazi na mafundi wakali, wapo waliowahi kunifokea, lakini mtu anayekufokea angalau amekubali kwamba upo.

Na swali langu lilikuwa na maana. Inverta ya kawaida inayokula njia moja ya volti 230 haiwezi kutoa 400, inatoa njia tatu za 230 hiyohiyo. Mota ile ubavuni ina bati linalosema wazi: ikifungwa delta ni 230, ikifungwa sta ni 400, hizo ni namna mbili za kuunganisha koili za mota. Ndani ya boksi kuna nguzo sita za kufungia nyaya na vibati vitatu vya shaba vya kuziunganisha, na ilitoka kiwandani vibati vimelazwa upande mmoja, yaani sta. Ukiiacha hivyo kwenye inverta ya 230, kila koili iliyotengenezwa kupata volti 230 inapata kama 133 tu. Itazunguka, tena kwa mlio mzuri. Ila nguvu yake ya kusukuma imebaki theluthi moja, kwa sababu nguvu hiyo inashuka kwa mraba wa volti. Kuhamisha vibati ni kazi ya spana moja, haifiki muda wa kunywa chai.

Akaiwasha, spindo, yaani mhimili unaoshika kisu, ikazunguka tupu, akabandika stika ya waranti juu ya kifuniko cha boksi la mota, akampelekea kijana wangu karatasi ya makabidhiano. Nikaichukua mimi. Niliandika juu yake kwamba nimeuliza kuhusu vibati vya mota na sikujibiwa, ndipo nikasaini. Nakala ninayo.

Kazi ya kwanza ilikuwa shafti ya mteja wa Kibaigwa. Tumeibana kwenye jiliwa, kisu cha milimita 10, nachonga kidogo kidogo kwa adabu zote. Kisu kiligusa chuma, chenga za kwanza zikatoka vizuri, halafu mlio ukaanza kushuka. Ukawa mnene, ukawa kama mtu anayeguna, ukakata. Spindo imesimama na meza bado inasukuma. Kisu kikakatika, kipande kikaruka na kugonga bati la ukuta juu kidogo ya bega la kijana wangu. Nilipoweka kiganja kwenye mota sikuweza kukiacha hapo. Mota mpya!

Nikapiga simu dukani. Wakanipa yuleyule fundi. Kwanza ikawa umeme wa Dodoma mdogo. Nikamwambia nina mita mkononi, inasoma 231. Ikawa tunakula chuma kingi mno kwa mkupuo. Nikamwambia kina tulichokuwa tunachonga. Akanyamaza kidogo, kisha, sijui kwa nini ilinichoma kuliko yote, akasema: "Mpe simu yule kijana tuelewane."

Sikumpa.

Siku chache baadaye dukani wakasema fundi anaweza kurudi, ila nilipie usafiri wake na malazi. Nikawakumbusha waranti. Wakasema waranti ni ya kifaa, haihusu safari ya fundi. Basi. Nilizima umeme, nikasubiri ule uliobaki ndani ya inverta uishe, maana unaweza kukurusha hata swichi ikiwa imezimwa, nikachana stika na kufungua kifuniko. Vibati vitatu, vinang'aa, vimelala upande mmoja kama vilivyotoka boksini. Hakuna aliyewahi kuvigusa. Nikavipanga delta, nikaibadilishia inverta kipimo cha ampea kufuatana na bati la mota, nikafunga.

Sasa hapa lazima niwe mkweli, ingawa hasira hainiruhusu. Mashine hii ni nzuri mno. Kisu kipya kiliingia kwenye shafti ileile na mlio haukutikisika. Kiwei kilitoka na kona zake zimesimama, kipande cha chuma kikaingia kwa kugongwa kidogo na nyundo ya mbao, hakichezi hata kidogo. Mteja wa Kibaigwa aliivuta shafti, akaizungusha mwangani, akaagiza nyingine palepale. Zile nati za shaba walizoweka dukani ni kazi ya mtu anayejua anachofanya, pleyi imeisha, na skrini ya vipimo imetulia. Yupo fundi wa chuma pale dukani, simjui hata sura, na ninamheshimu. Usiku ule nilikuwa nimeshaandika kwenye simu kwamba nawapa nyota nne na kwamba watu wa Dodoma waende wakanunue, ila umeme wafungiwe na fundi wao wenyewe.

Nimeyafuta maneno yale. Nilipowapigia kuwaambia tatizo lilikuwa nini, ili wasimfanyie mtu mwingine, jibu lilikuwa kwamba kwa kuwa stika imechanwa waranti yote imekufa, mota, inverta, skrini, mpaka nati. Hakuna pole. Hakuna aliyeuliza kama kile kipande cha kisu kilimpata mtu. Nikauliza nani atazungumza na yule fundi, nikaambiwa "tutampa taarifa" na simu ikakatwa. Nimewaandikia nikiambatanisha ile karatasi niliyoisaini, nadai waranti irudishwe na gharama ya kisu. Mpaka naandika hapa wako kimya.

Kwa hiyo zile nyota nne hazipo tena. Chuma chao ni safi, lakini ukinunua chuma kwao unanunua na yule kijana, maana ndiye watakayemtuma kwako.

Kama umeshawalipa, usiogope. Kabla fundi hajaanza kukusanya vifaa vyake mwambie afungue kifuniko cha boksi la mota mbele yako, ulinganishe vibati na bati la mota, upige picha. Kisha achonge chuma halisi, cha kwako, mpaka mwisho, siyo kuzungusha spindo tupu. Akikataa, usisaini. Na akimjibu mtu mwingine badala yako, mwache amalize, halafu umwulize tena.