DonorsChoose: Mwalimu Huomba Vitabu, Hapewi Fedha

Mwalimu wa shule ya umma nchini Marekani anapohitaji vitabu vya hadithi, hadubini ya somo la sayansi au hata zulia la kukalia watoto wakati wa kusoma, mara nyingi hutoa fedha mfukoni mwake. Takwimu za serikali ya nchi hiyo za mwaka wa masomo wa 2014–2015 zilionyesha kwamba asilimia 94 ya walimu wa shule za umma walinunua vifaa vya darasa kwa fedha zao bila kurudishiwa, na kwamba walionunua walitumia wastani wa dola 479 kila mmoja. Sheria ya kodi huwapa nafuu ndogo: kiwango wanachoweza kupunguza katika mapato yao yanayotozwa kodi kwa ajili ya matumizi hayo kilipandishwa mwaka 2022 kutoka dola 250 hadi dola 300 tu. Ni pengo hilo ambalo DonorsChoose, huduma ya shirika la hisani inayowachangishia walimu vifaa kupitia mtandao, na ambayo ninaitathmini hapa, inajaribu kuliziba.

Aliyeianzisha mwaka 2000 ni Charles Best, ambaye wakati huo alikuwa mwalimu katika shule moja ya sekondari huko Bronx, New York, na baadhi ya maombi ya mwanzo ya walimu wenzake aliyalipia yeye mwenyewe kwa siri ili waamini kwamba wafadhili wapo. Naitaja historia hiyo kwa sababu mtu akiutazama vizuri utaratibu wa huduma hii, ataona kwamba ulibuniwa na mtu anayeyajua maisha ya darasani.

Mwalimu huchagua vifaa anavyovihitaji kutoka kwa wauzaji walioidhinishwa, huandika maelezo mafupi kuhusu wanafunzi wake na jinsi vifaa hivyo vitakavyotumika, kisha ombi lake hukaguliwa kabla ya kuwekwa hadharani. Mchangiaji, ambaye anaweza kutoa hata dola moja, huona orodha ya vitu vinavyoombwa pamoja na bei zake. Fedha zikitimia, shirika lenyewe hununua vifaa na kuvituma moja kwa moja shuleni, na baadaye mwalimu hurejesha shukrani na picha za vifaa hivyo vikitumika.

Kwa maoni yangu, ubora wote wa huduma hii umo katika hatua hiyo ya ununuzi. Kwa kuwa hakuna senti inayopita mikononi mwa mwalimu, hakuna anayeweza kumshuku, hahitaji kutunza risiti wala kutoa hesabu kwa watu asiowajua, na mkuu wa shule hana sababu ya kuogopa kwamba fedha zinakusanywa kwa jina la shule bila yeye kufahamu zinakoishia. Ziko wilaya za elimu zinazowawekea walimu masharti makali ya kuchangisha mtandaoni, na hofu yao si ya bure, kwa maana katika tovuti nyingi za uchangishaji, fedha huingia kwenye akaunti ya aliyeomba. Gharama ya usalama huo ni kwamba mwalimu hufungwa na bei za wauzaji walioidhinishwa, hata pale anapojua mahali pa kupata kitu hicho hicho kwa bei nafuu.

Upande unaonisumbua ni ule wa maelezo. Ombi hushindana na maelfu ya mengine, na lenye hadithi ya kugusa moyo huwavutia wageni haraka kuliko la mwalimu anayehitaji karatasi na wino wa printa, ingawa pengine bila karatasi hizo hakuna mtihani utakaofanyika. Aidha, mwalimu mwenye ndugu na marafiki wenye uwezo hupata wachangiaji wa kwanza mapema, ilhali mwenzake aliye katika mtaa maskini husubiri watu asiowafahamu kabisa. Katika jambo hili wafadhili wakubwa wamesaidia sana: mwaka 2015 mchekeshaji Stephen Colbert alilipia maombi yote ya walimu wa jimbo lake la South Carolina, na Machi 2018 kampuni ya Ripple ilitoa dola milioni 29 zilizomaliza maombi yote yaliyokuwepo nchini kote, zaidi ya 35,000. Siku za namna hiyo hazibagui hadithi nzuri na hadithi kavu, lakini humfaa tu mwalimu ambaye ombi lake lilikuwa tayari limewekwa.

Mchangiaji naye afahamu kwamba wakati wa kulipa hupendekezewa kuongeza sehemu ya kuliendesha shirika, ambayo kwa kawaida ni asilimia 15. Sehemu hiyo ni ya hiari na inaweza kuondolewa, ingawa mimi sioni ubaya wa kuiacha, kwani ukaguzi wa maombi na usafirishaji wa vifaa ni kazi ya watu.

Ombi hudumu kwa takriban miezi minne. Lisipotimia, waliochangia hurudishiwa thamani ya michango yao ili waielekeze kwa darasa jingine, na mwalimu hubaki bila kitu hata kama amefikisha robo tatu ya kiasi alichoomba. Kwa sababu hiyo, ningemshauri anayeanza asiombe seti nzima ya vitabu kwa mara moja, bali aigawe katika maombi madogo, akianza na vile ambavyo darasa litavihitaji wiki ya kwanza ya muhula.