Gari lilipanda mawe yote, likashindwa na nati moja

Nimeshakodi fowili, yaani gari linalosukumwa na magurudumu yote manne, si mara moja, na sijawahi kuhangaika kuandika kitu. Hii naiandika kwa sababu ya kichuma kisichozidi kidole gumba.

Juzijuzi nilichukua gari la kuingia nalo korongoni, kule jangwani ambako njia yenyewe ni mkondo mkavu wa mto uliojaa mawe. Siku ya kulichukua, kijana wa ofisini alinionyesha redio, akanionyesha kiyoyozi, akanisainisha kila mkwaruzo. Nikamuuliza: vifaa vya tairi vipo? "Kila kitu kimo, bosi." Macho yake yako kwenye simu.

Gari lenyewe, haki ya Mungu, lilinifurahisha. Nilishusha upepo wa tairi kutoka 35 hadi 18 psi (kipimo cha upepo), nikatia gia nzito, kwenye miteremko nikaiachia injini ilizuie yenyewe. Palikuwa na ngazi ya mawe ya kufika magotini. Unapandisha tairi juu ya jiwe, hulipitishi jiwe katikati, maana katikati ndiko difu (boksi la gia za ekseli) na sampu (bakuli la oili chini ya injini) zinakogongwa. Likapanda kama mbuzi.

Mbele kidogo, kuta zilipobana, jiwe la makali likachana ubavu wa tairi la nyuma. Ubavu ukichanika hauna kiraka, ni kubadilisha tu. Spea ipo, jeki ipo, spana ipo. Nikalegeza nati tano. Ya sita ikanikodolea macho: nati ya kufuli, ile ya kuzuia wezi, uso wake umechongwa kama ua, haifunguki bila kichwa chake maalumu. Nikapekua chini ya viti, kwenye dashibodi, ndani ya mfuko wa jeki. Hakuna.

Nilikaa pale saa tatu nzima, simu haina mtandao, mawe yanafuka joto. Kila wingu la mbali nililiangalia kwa hofu, kwa sababu korongo linaweza kujaa maji ya mvua ambayo wewe hata hukuiona. Kwenda bila gari la pili ni kosa langu, nakiri.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja mwenye gari kuukuu. Alichagua boksi, kile kichwa cha spana cha kuvika nati, dogo kidogo kuliko nati yenyewe, akaligongelea kwa nyundo mpaka likang'ata, akazungusha. Boksi likanasia humo humo. Nikataka kumlipa, akakataa: "Ondoka mwanangu, jua linakuchwa."

Narudisha gari, nalalamika. Yule kijana akavuta droo ya meza yake, akakitoa kile kichwa. "Hiki? Huwa tunakiweka hapa kisipotee." Bila hata pole! Kisha wakakata kwenye amana yangu: tairi moja, na nati moja "iliyoharibiwa na mteja".

Tairi, sawa. Upepo ukiwa 18 ubavu hutuna nje, na huenda ningebaki kwenye 22 usingechanika. Hilo nalimeza. Lakini nati? Nati ambayo ufunguo wake mmeukalia wenyewe?

Nilikaa niandike msikodi pale kabisa. Tatizo ni lile gari. Nina safari nyingine hivi karibuni, na sijaona jingine linalopanda vile. Kwa hiyo nitarudi, ila safari hii nitafungua gurudumu moja moja palepale uani kwao, mbele yake, kabla sijashika kalamu. Akinuna, anune.