Uzoefu wangu na Alack Sinner, mpelelezi ambaye kazi haimwendei vizuri

Nilipoanza kusoma Alack Sinner, riwaya ya picha ya Waajentina wawili, mchoraji José Muñoz na mwandishi Carlos Sampayo, nilidhani nimeshika hadithi ya upelelezi ya kawaida: mteja anabisha hodi, maiti inapatikana, muuaji anafichuliwa. Nilizipitia kurasa za mwanzo kwa pupa, kisha nikagundua kwamba sikumbuki nani alimuua nani. Ikanibidi nirudi mwanzo.

Safari ya pili niliacha kumkimbilia mhalifu, nikatazama. Muñoz anachora kwa wino mweusi mzito juu ya weupe wa karatasi, na mitaa yake ya New York imejaa watu wasiohusika na kesi yoyote, walevi walioinamia glasi, wapita njia wenye nyuso zilizochoka, ambao amewachora kwa uangalifu uleule anaompa Sinner na ambao wakati mwingine maneno yao yanakatiza mazungumzo ya wahusika wakuu. Mwanzoni jambo hilo liliniudhi. Baadaye nikaona kwamba ndilo linalomkwamisha mpelelezi huyu: hawezi kuwapita watu hao kana kwamba hawapo, na kazi yake inamtaka awapite.

Sinner alikuwa askari polisi, akaacha kazi kwa kuchukizwa na mwenendo wa wenzake, kisa anachomsimulia Joe, mwenye baa anayoitembelea kila mara. Upelelezi wa kujitegemea nao haumnyanyui. Anapigwa, ukweli anaoupata mara nyingi haumwokoi mtu, na baadaye tunamkuta akiendesha teksi ili apate riziki. Kilichonigusa zaidi ni kwamba anazeeka. Visa vyake vilianza kuchapishwa nchini Italia mwaka 1975, na watunzi wake wakaendelea kumrudia hadi karne hii, kwa hiyo msomaji anauona uso uleule ukilegea na kukunjamana kadiri miaka inavyopita, jambo ambalo mashujaa wengi wa katuni hawaruhusiwi kulipata.

Kisa nilichokipenda kuliko vyote ni Viet Blues, chenye mpiga piano Mweusi aliyepitia vita vya Vietnam. Sijaona kwingine muziki ukichorwa kwa uchungu kiasi hicho. Kile ambacho Muñoz na Sampayo wanajiingiza wenyewe kama wahusika hakikunivutia, kwa kuwa kilinitoa ndani ya mji niliokwisha kuuamini.

Ninawashauri wasomaji watafute nakala ya karatasi. Nilijaribu kurasa chache kwenye simu, na weusi ule ukameza nusu ya nyuso, huku maandishi yakiwa madogo mno kusomeka bila kukuza kila kisanduku. Pia msisome visa vingi kwa mkupuo. Mimi nilisoma kimoja kila usiku, na hata hivyo mara kadhaa nilifunua ukurasa wa nyuma kumtafuta mtu niliyekuwa nimempita.