Kibanda cha kuchapa barua kwa wabunge, komini (wilaya ya jiji) ya Kenya, Lubumbashi, Kongo (DRC)

Wanachapa haraka, na umeme ukikatika wana jenereta. Shida iko ndani ya barua. Maji, bei ya unga na karo ya shule wanavirundika pamoja. Mbunge akitaka kumuuliza waziri swali la mdomo bungeni, hajui amwite waziri gani. Dai jambo moja kwa barua moja, na jina la avenyu (barabara ya mtaa) liandikwe. Zile salamu za nusu ukurasa, wazikate. Kifungu cha 27 cha Katiba ya Kongo ya 2006, kinachotaka mamlaka ijibu ombi la raia ndani ya miezi 3, hawakiweki mpaka uwaambie. Ajabu! Toa nakala 2. Moja igongwe muhuri wenye tarehe ya mapokezi, ubaki nayo. Bila tarehe, miezi 3 itahesabiwa tangu lini? Sahihi zisikusanywe kwenye karatasi tupu: juu yake ombi lirudiwe.