Kipimo Gani cha Maji Ununue Kabla ya Kutia Samaki Katika Tangi Jipya

Malalamiko yanayonifikia kutoka kwa wafugaji wapya wa samaki wa mapambo hapa Unguja, na siku hizi kutoka Chake Chake na Wete pia, yanafanana mno hata nimeona lazima niandike. Mtu ananunua tangi la kioo, chujio na pakiti ya karatasi za kupimia maji. Analijaza tangi, anasubiri kama alivyoelekezwa, kila siku anachovya karatasi na kuona rangi zote ziko pazuri, kisha anatia samaki wake wote kwa mpigo mmoja. Baada ya siku chache samaki wamepanda juu wanahema, mashavu yamewaiva, na haipiti muda wanaanza kufa. Akirudi dukani anaambiwa kwamba samaki walikuwa dhaifu. Mimi humwomba anipigie picha ya pakiti ya zile karatasi, na jibu huwa limeandikwa ubavuni pake: inapima nitrati, nitriti, ugumu wa maji, pH (yaani kiwango cha uchachu wa maji), pengine na klorini. Amonia haimo.

Sitazungumzia idadi ya vipimo vilivyomo katika kila kisanduku, wala uzuri wa kijitabu cha maelezo, kwa sababu hayo kila mnunuzi huyaangalia mwenyewe. Ninalotaka liangaliwe kwanza ni hilo moja: je, kipimo unachotaka kununua kinapima amonia? Kama hakipimi, basi kwa tangi jipya hakikufai, hata kiwe kinapima mambo mengine sita na kiwe kimetengenezwa na kampuni yenye jina kubwa. Karatasi za Tetra zinazouzwa kwa sifa ya kupima mambo sita kwa mara moja hazina amonia, na za API zinazopima mambo matano hazina pia. Kampuni hizo hazikuficha kitu, kwani zimeandika wazi kinachopimwa. Lakini mnunuzi anayeona neno "sita" huamini kwamba kila la muhimu limo, na muuzaji anayejua ukweli hanyanyui mdomo.

Uzito wa jambo hili unaonekana pale unapofahamu jinsi tangi linavyokomaa. Kinyesi cha samaki na chakula kinachooza hutoa amonia, ambayo ni sumu. Baada ya muda huzaliana bakteria ndani ya chujio na juu ya changarawe wanaoigeuza amonia kuwa nitriti, nayo ni sumu vilevile, kisha kundi jingine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia ikiwa haikuzidi na maji yanabadilishwa mara kwa mara. Kwa miaka mingi ilidhaniwa kwamba kazi ya pili hufanywa na bakteria waitwao Nitrobacter, mpaka mtafiti Timothy Hovanec na wenzake walipoonyesha mwaka 1998 kwamba katika matangi ya maji baridi wanaohusika ni bakteria wa jamii ya Nitrospira. Shughuli yote hii kwa kawaida huchukua wiki 3 hadi 6, na kinachotangulia kupanda ni amonia.

Sasa fikiria tangi ambalo bakteria wake bado hawajaanza kazi. Nitriti ni sifuri kwa sababu hakuna aliyeitengeneza, na nitrati ni sifuri kwa sababu hiyohiyo, ilhali amonia inaongezeka saa hadi saa. Karatasi isiyopima amonia, ikichovywa katika maji hayo, hutoa majibu safi kabisa. Kwa maneno mengine, siku ambayo maji ni mabaya kuliko siku zote ndiyo siku ambayo karatasi hiyo inakupa habari njema kuliko zote, nawe unakwenda kununua samaki kwa moyo mkunjufu. Huu ndio upungufu ninaoulalamikia, na siuoni ukitajwa madukani hata kidogo.

Kwetu sisi jambo hili ni zito zaidi kuliko kwa wenzetu wenye maji laini. Sehemu kubwa ya Unguja imekaa juu ya mawe ya matumbawe, na maji ya visima vinavyochimbwa katika mawe hayo huwa magumu na yenye pH ya juu. Wapo pia wanaochota mchanga mweupe wa pwani na kuutandika ndani ya tangi kwa sababu unapendeza, na mchanga huo ni wa chokaa itokanayo na matumbawe, kwa hiyo unazidi kuipandisha pH. Amonia hukaa majini katika hali mbili, moja kali sana kwa samaki na nyingine isiyo kali, na kinachoamua ipi izidi ni pH na joto. Katika maji ya nyuzi 28, ikiwa pH ni 7, sehemu iliyo kali haifiki asilimia 1 ya amonia yote, lakini pH ikifika 8 sehemu hiyo hupanda hadi asilimia 6 au 7. Amonia ileile iliyokuwa haimsumbui samaki katika maji ya mtu mwingine, katika maji ya kisima chako inaweza kumuua. Joto letu lina faida yake, kwani bakteria hawa huzaliana haraka katika maji ya uvuguvugu kuliko katika ya baridi, ila faida hiyo huipati usipopima.

Kwa hiyo nafasi ya kwanza naipa API Freshwater Master Test Kit, na sifichi kwamba ndicho kisanduku ninachokipenda na ndicho ninachomshauri kila anayeniuliza. Ndani yake mna vitendanishi vya majimaji, yaani dawa zinazobadili rangi ya maji, vya kupimia amonia, nitriti, nitrati, pH ya kawaida na pH ya juu. Hiyo pH ya juu wengi hawaijali, nayo kwetu ni muhimu mno. Kipimo cha pH ya kawaida kinaishia 7.6, hivyo maji yenye pH ya 8.2 yatakuonyesha buluu ya 7.6 na utalala ukiamini kwamba hapo ndipo maji yako yalipo, ilhali kile cha pili huanzia 7.4 na kufika 8.8. Visanduku vingi vidogo havina kipimo hicho cha pili.

Kupima amonia ni kazi ya dakika chache. Unajaza kichupa cha kioo maji mpaka kwenye mstari wa mililita 5, unatia matone 8 kutoka chupa ya kwanza na matone 8 kutoka chupa ya pili, unafunga kifuniko, unatikisa, unasubiri dakika 5. Manjano maana yake hakuna amonia, na kadiri kijani kinavyokoza ndivyo amonia ilivyo nyingi, mpaka miligramu 8 kwa lita. Shikilia chupa wima kabisa unapodondosha, kwa sababu ikilala matone hutoka makubwa na madogo. Usisome rangi usiku chini ya taa ya manjano. Sogea dirishani mchana, weka kichupa juu ya sehemu nyeupe ya kadi ya rangi iliyomo kisandukuni, utazame kwa mbele. Kasoro yake ya kweli ni kwamba sifuri na 0.25 zinakaribiana sana kwa rangi. Dawa yake ni kupima maji safi ya chupa ya kunywa sambamba na maji ya tangi, ukaviweka vichupa viwili pamoja na kulinganisha.

Kipimo cha nitrati cha kisanduku hicho kinataka uangalifu wa peke yake. Dawa ya chupa yake ya pili hutuama, kwa hiyo lazima chupa itikiswe kwa nguvu sekunde 30 kabla ya kudondosha, na kichupa chenyewe kitikiswe dakika 1 nzima baada ya hapo. Asiyefanya hivyo hupata nitrati ndogo kuliko ilivyo, akaona tangi lake halisogei mbele, akalimwaga na kuanza upya bila ya sababu.

Nafasi ya pili ni JBL, kampuni ya Ujerumani, ambayo huuza kipimo cha amonia peke yake kwa jina la ProAquaTest NH4. Kina vitendanishi vitatu na kungojea dakika 15. Kinasoma viwango vidogo vizuri kuliko cha API, na kina vichupa viwili vinavyowekwa pamoja ili rangi ya maji yenyewe isikudanganye, jambo linalomfaa mwenye kuweka magogo yanayotoa rangi ya chai. Vitendanishi vyake huuzwa pia peke yake vinapokwisha. Nimekiweka nyuma kwa sababu inakubidi ununue na cha nitriti mbali, na hesabu yake ikijumlishwa inauma, tena kwetu ni nadra kuvikuta vyote viwili mahali pamoja.

Nafasi ya tatu ni Seachem Ammonia Alert, kidude kinachobandikwa ndani ya kioo na kubadilika rangi chenyewe kutoka manjano kwenda kijani hadi buluu, kikadumu mwaka mzima au zaidi. Ni msaidizi mzuri wa tangi lenye samaki tayari, hasa kwa nyumba zetu ambazo umeme unaweza kukatika mchana kutwa na chujio likasimama. Hata hivyo kinaonyesha ile sehemu kali tu ya amonia, si amonia yote, kwa hiyo hakiwezi kukuambia tangi jipya limefikia hatua gani. Kinunue baadaye.

Karatasi za kuchovya ni za mwisho. Ni rahisi kwa bei, na anayezihitaji kwa kuangalia ugumu wa maji azinunue, ila ajue kwamba unyevunyevu wa masika huziharibu mara tu kopo linapoachwa wazi.

Nina neno kuhusu wauzaji. Bei ya kisanduku kamili inapoulizwa hutajwa gharama ya kuvusha mzigo kutoka Dar es Salaam, na gharama hiyo naikubali, lakini haielezi kwa nini kisanduku kilekile kiwe na bei mbili tofauti katika maduka mawili yaliyo mtaa mmoja, wala kwa nini bei ipande mnunuzi akionekana mgeni wa mambo. Kibaya kuliko bei ni mtindo wa kukivunja kisanduku. Nimeona kwa macho yangu chupa ya kwanza ya amonia ikiuzwa kwa mtu mmoja na chupa ya pili ikibaki rafuni, bila ya kadi ya rangi, bila ya kichupa cha kupimia, na mnunuzi akaondoka akidhani ana kipimo. Chupa moja peke yake haipimi kitu. Anayefanya hivi anachukua pesa ya mtu na kumrudisha nyumbani mikono mitupu, na sioni jina jingine la kitendo hicho isipokuwa dhuluma.

Lipo na la tarehe. Kila chupa ya API ina nambari ya toleo, na tarakimu zake nne za mwisho ni mwezi na mwaka wa kutengenezwa, kwa mfano 0322 ni Machi 2022. Kibandiko cha bei mara nyingi hugandishwa juu ya nambari hiyohiyo. Pengine si kusudi, lakini mnunuzi ana haki ya kuomba kibanduliwe, na mwenye duka anayekataa akose mteja. Usikubali pia kisanduku kilichokaa dirishani kikipigwa na jua.

Ukishakipata, anza kazi bila ya samaki. Tia katika tangi chanzo cha amonia: kloridi ya amonia iliyotengenezwa kwa ajili ya matangi ukiipata, au kipande cha kamba mbichi, yule wa baharini anayeliwa, ndani ya kijimfuko cha wavu, ukikitoa kinapoanza kusambaratika. Epuka amonia ya kusafishia nyumba yenye manukato au sabuni. Acha chujio likizunguka usiku na mchana. Amonia itapanda kisha ishuke, nitriti itafuata njia hiyohiyo, na nitrati itaanza kuonekana. Tangi limekomaa pale unapotia amonia ya kufikia miligramu 2 kwa lita na baada ya saa 24 ukapima na kukuta amonia sifuri na nitriti sifuri. Hapo badilisha sehemu kubwa ya maji ili kupunguza nitrati, na kama maji yako ya mfereji yana klorini tia dawa ya kuiondoa kwanza, kisha ingiza samaki wachache na uendelee kupima kabla ya kuongeza wengine.

Walioko Pemba ambao hununua kwa kuagiza kwa simu wamwombe muuzaji picha tatu kabla ya kutuma pesa: kisanduku kikiwa wazi na chupa zote zikionekana, kadi ya rangi ya amonia, na ubavu wa chupa penye nambari ya toleo. Kisanduku kamili kina chupa 7, kwa sababu amonia na nitrati zina chupa mbili kila moja, nayo nitriti na pH zote mbili zina moja moja. Zikipungua, mzigo usipakiwe botini.